Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyezifundisha kompyuta kutafuta njia

Abiria anayepanda treni katika kituo cha Cabramatta, kusini magharibi mwa jiji la Sydney nchini Australia, ana njia mbili za kwenda katikati ya mji. Ya kwanza inapita Fairfield, Merrylands na Granville. Ya pili inapita Villawood, Chester Hill na Regents Park. Reli hizo mbili hutengana hapo hapo Cabramatta na kukutana tena katika kituo cha Lidcombe, na kutoka hapo safari ya kwenda mjini huendelea.

Cabramatta inajulikana zaidi kwa wahamiaji kutoka Vietnam na nchi jirani za Asia. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akifika pale hapati taabu kuona mihogo, magimbi, nazi na maembe. Lakini leo hatuzungumzii soko. Tumeanzia kituoni kwa sababu swali linalomkabili abiria pale ndilo linaloikabili mitandao ya kompyuta duniani kila sekunde. Kukiwa na njia zaidi ya moja, mzigo upite wapi? Na je, ni lazima wote upite njia moja?

Mtu aliyeweka msingi wa jibu la swali hilo ni Edsger Wybe Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uholanzi aliyefariki dunia mwaka 2002. Kwa masikio ya Mswahili, jina lake husikika kama Daikstra. Huenda wasomaji wetu wengi hawajawahi kulisikia, lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba makala hii, kabla ya kuwafikia, imepita katika mitambo inayotumia hesabu aliyoibuni akiwa kijana wa miaka 26. Tumeona ni vyema tuyasimulie maisha yake, na tueleze hesabu hiyo inaweza nini na haiwezi nini.

Mtoto wa Rotterdam

Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei mwaka 1930 katika mji wa bandari wa Rotterdam, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia na aliwahi kukiongoza chama cha wanakemia wa Uholanzi. Mama yake alikuwa mwanahisabati, ingawa hakuwahi kuajiriwa kwa kazi hiyo. Kwa simulizi ya Dijkstra mwenyewe, mama huyo alimfundisha kwamba hesabu ikihitaji mistari zaidi ya mitano, basi huenda mtu ameshapotea njia. Somo hilo alilishika maisha yake yote.

Tarehe 14 Mei mwaka 1940, siku tatu baada ya kutimiza miaka kumi, ndege za Ujerumani ziliishambulia Rotterdam na kuteketeza sehemu ya katikati ya mji. Miaka mitano iliyofuata, nchi yake ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani.

Alisoma katika shule ya Gymnasium Erasmianum na kumaliza mwaka 1948. Wakati huo nia yake ilikuwa kusomea sheria, na alitamani siku moja aiwakilishe Uholanzi katika Umoja wa Mataifa. Lakini alama zake za sayansi zilikuwa nzuri mno, na wakubwa wake wakamshauri asizipoteze. Akaingia Chuo Kikuu cha Leiden kusoma hisabati na fizikia.

Mwaka 1951 baba yake aliona tangazo la mafunzo ya wiki tatu huko Cambridge, Uingereza, kuhusu namna ya kuandika programu za kompyuta. Kompyuta wakati huo zilikuwa chache duniani, na kila moja ilijaza chumba kizima. Kijana huyo akaenda. Habari za safari yake zilimfikia Adriaan van Wijngaarden, mwanahisabati wa Kituo cha Hisabati mjini Amsterdam, naye akampa kazi. Mwezi Machi mwaka 1952 Dijkstra akaanza kazi pale, na anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza nchini Uholanzi kuajiriwa kama mwandishi wa programu.

Kwa miaka kadhaa alibeba kazi mbili, fizikia kule Leiden na programu kule Amsterdam, na alikuwa na wasiwasi. Fizikia ilikuwa elimu yenye heshima, wakati uandishi wa programu haukuwa hata na jina linaloeleweka. Alipomfuata van Wijngaarden kumweleza shaka yake, mkubwa huyo alimkubalia kwamba bado taaluma hiyo haipo, lakini akamwambia kwamba kompyuta hazitaondoka tena na kwamba yeye anaweza kuwa mmoja wa watakaoijenga. Dijkstra alitoka ofisini humo akiwa ameshaamua.

Dakika ishirini mkahawani

Mwaka 1956 Kituo cha Hisabati kilikuwa kinajiandaa kuzindua kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC. Wageni waalikwa wangekuwa watu wa kawaida wasiojua hisabati. Ilihitajika kazi moja ambayo kila mtu angeielewa, swali lake na jibu lake. Dijkstra akachagua swali la safari: ukitaka kutoka mji mmoja wa Uholanzi kwenda mwingine, kwa mfano Rotterdam hadi Groningen, njia fupi kuliko zote ni ipi?

Asubuhi moja alikuwa akitembea madukani mjini Amsterdam na mchumba wake, Maria Debets. Walipochoka walikaa kwenye baraza ya mkahawa wakanywa kahawa. Hapo, kwa muda wa kama dakika ishirini, akaipata njia ya kulijibu swali hilo. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Baadaye alieleza kwamba huenda ndiyo sababu jibu lake lilikuwa jepesi, kwa kuwa mtu asiye na karatasi hulazimika kuachana na kila kisichohitajika.

Kwa ajili ya maonyesho alitumia ramani ya Uholanzi yenye miji 64, kwa sababu miji 64 inatosha kuandikwa kwa tarakimu sita tu za lugha ya kompyuta, yaani sifuri na moja.

Hesabu yenyewe si ngumu kuielewa. Tuichukue ile safari ya Cabramatta. Unaanza na kituo ulichopo na kukiandikia sifuri. Kisha unatazama vituo jirani na kuviandikia umbali wake. Katika vituo ambavyo bado hujavifunga, unachukua kilicho karibu kuliko vyote na kukifunga, yaani unakubali kwamba hakuna njia fupi zaidi ya kukifikia. Kutoka hapo unatazama majirani wa kituo hicho, na kama umepata njia fupi kuliko ile uliyokuwa umeandika, unafuta na kuandika mpya. Unarudia hivyo hivyo, kituo kimoja baada ya kingine, hadi kituo unachokwenda kifungwe.

Tukihesabu kituo kwa kituo, kutoka Cabramatta hadi Lidcombe kwa njia ya Regents Park tunafika katika kituo cha nane: Carramar, Villawood, Leightonfield, Chester Hill, Sefton, Regents Park, Berala, Lidcombe. Kwa njia ya Granville tunafika katika kituo cha tisa: Canley Vale, Fairfield, Yennora, Guildford, Merrylands, Granville, Clyde, Auburn, Lidcombe. Kama kipimo chetu ni idadi ya vituo, hesabu ya Dijkstra itachagua Regents Park, na itachagua hivyo kwa kila abiria anayekwenda Lidcombe, bila kujali kwamba treni za huko zimejaa na za Granville zina viti vitupu.

Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wa hesabu hiyo. Inajibu kwa uhakika swali inaloulizwa. Lakini njia fupi na njia yenye nafasi ni vitu viwili tofauti.

Dijkstra hakuharakisha kuitangaza. Ilichapishwa mwaka 1959 katika toleo la kwanza la jarida la Numerische Mathematik, ndani ya makala yenye kurasa tatu tu. Makala hiyo ilikuwa na swali la pili pia: ukiwa na vituo vingi, utaviunganisha vyote vipi kwa kutumia waya mfupi kabisa? Swali hilo lilitokana na kazi ya kuunda kompyuta nyingine, X1, ambayo wahandisi wake walitaka kubana matumizi ya nyaya za shaba.

Kazi isiyo na jina

Dijkstra na Maria walifunga ndoa mwaka 1957. Sheria ya Uholanzi ilimtaka bwana harusi ataje kazi yake. Aliposema ni mwandishi wa programu, wakuu wa mji wa Amsterdam walikataa kuandika, kwa maelezo kwamba kazi hiyo haipo. Katika cheti cha ndoa akaandikwa kuwa mwanafizikia. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1959 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Muda mfupi baadaye, yeye na mwenzake Jaap Zonneveld walianza kuandika programu kubwa ya kuiwezesha kompyuta ya X1 kuelewa lugha mpya iliyoitwa ALGOL 60. Waliwekeana ahadi kwamba hakuna atakayenyoa ndevu mpaka kazi iishe. Iliisha mwezi Agosti mwaka 1960. Zonneveld alinyoa, lakini Dijkstra alizipenda ndevu zake akakaa nazo hadi kifo.

Mwaka 1962 akawa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Eindhoven. Huko yeye na wenzake wachache waliandika mfumo wa kuiwezesha kompyuta moja kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja bila kazi hizo kugongana. Kifaa alichokibuni kwa ajili hiyo alikiita semafori, jina la mikono ya ishara iliyosimamishwa kando ya reli zamani. Kipande cha reli kikiwa na treni, mkono wa ishara humzuia dereva wa treni inayofuata, naye husubiri zamu yake. Kompyuta na simu za leo bado zinatumia wazo hilo.

Mwaka 1968 jarida moja la Marekani lilichapisha barua yake fupi iliyopinga mtindo wa kuandika programu kwa kuirusha kompyuta kutoka mstari mmoja hadi mwingine bila mpangilio. Barua hiyo ilizua mabishano ya miaka mingi. Kichwa chake cha habari, ambacho ndicho kilichowaudhi wengi, hakukiandika yeye bali mhariri wa jarida. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta.

Kuna kazi yake nyingine ambayo ilipita kimya. Mwaka 1974 alichapisha makala fupi kuhusu mashine zilizounganishwa, ambazo kila moja inawajua majirani zake tu na hakuna bosi anayeziongoza. Alionyesha kwamba inawezekana kuzipangia kanuni ambazo hata kama mambo yameharibika kabisa, mashine hizo zitarudi zenyewe katika hali ya sawa. Kwa miaka tisa makala hiyo haikujadiliwa sana, mpaka mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani Leslie Lamport alipoisifu mbele ya mkutano wa wenzake. Leo ni msingi wa somo zima katika vyuo vikuu.

Hesabu ya mkahawani yaingia kwenye mtandao

Dijkstra hakuunda ruta, yaani ile mitambo inayopokea habari na kuamua zitoke kwa mlango gani. Waliochukua hesabu yake na kuiingiza humo ni wahandisi wa Marekani.

Mtandao wa ARPANET, ambao ndio ulioizaa intaneti, ulianza mwaka 1969. Mwanzoni kila mtambo uliwauliza jirani zake tu umbali wa kufika mahali fulani, na uliamini ulichoambiwa. Ilikuwa ni kama kuuliza njia mitaani: jirani akiwa na habari za zamani, nawe unapotea. Mwaka 1979 utaratibu ulibadilishwa. Kila mtambo ukaanza kutangaza kwa mitambo yote hali ya njia zake wenyewe, hivyo kila mmoja ukawa na ramani kamili ya mtandao. Kisha kila mmoja, peke yake, ulifanya hesabu ya Dijkstra juu ya ramani hiyo.

Kipimo kilichotumika kilikuwa ucheleweshaji, yaani habari inachukua muda gani kupita katika kila njia. Kwa kutazama haraka lilionekana jambo la busara, kwani njia ikijaa, hesabu itaikwepa. Lakini mtandao ulipoelemewa, jambo la ajabu likatokea. Fikiria sehemu mbili za nchi zilizounganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ikijaa, mitambo yote huona kwamba ya pili ni nyepesi, na yote huhamia huko kwa pamoja. Ya pili hujaa, ya kwanza hubaki tupu, na yote hurudi. Mzigo ulikuwa ukiyumba upande huu na upande ule, na kila mara njia moja ilikuwa imelemewa na nyingine haina kazi. Dereva yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye amewahi kusikia kwamba barabara fulani ni nyeupe, akaenda akakuta kila mtu amesikia vilevile, anaelewa jambo hilo. Mwaka 1987 wahandisi walirekebisha kipimo ili kisipande na kushuka kwa kishindo.

Funzo lililopatikana ni kwamba haitoshi kutafuta njia bora. Inabidi mzigo ugawanywe. Katika itifaki inayoitwa OSPF, iliyotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na kuandikwa upya na John Moy mwaka 1998, gharama ya kila njia huwekwa na mhandisi, mara nyingi kulingana na upana wa njia, nayo haibadiliki kila dakika. Hesabu ni ile ile ya Dijkstra, ila imeongezewa jambo dogo. Yeye alitaka njia moja tu. OSPF, ikikuta njia mbili au zaidi zenye gharama sawa, haitupi hata moja. Inazihifadhi zote na kuzigawia mzigo.

Tukirudi Cabramatta, ni sawa na mkuu wa reli kusema kwamba njia ya Granville na ile ya Regents Park zihesabiwe kuwa na gharama moja, ingawa moja ina kituo cha ziada. Papo hapo abiria wa Lidcombe wanagawanyika.

Kugawa nako kuna kanuni zake. Mtu anaweza kudhani kwamba ruta ipeleke pakiti moja huku na nyingine kule, zamu kwa zamu. Lakini njia mbili hazina kasi sawa. Ukituma kurasa za barua moja kwa treni mbili tofauti, ukurasa wa tatu unaweza kufika kabla ya wa pili. Kompyuta inayopokea ikidhani ukurasa wa pili umepotea, huomba utumwe tena, na inayotuma hupunguza mwendo. Kwa hiyo ruta nyingi hufanya vingine. Huchukua anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, huzipigia hesabu, na jibu lake ndilo linalochagua njia. Mazungumzo ya mtu mmoja hupita njia moja tangu mwanzo hadi mwisho, na mazungumzo ya mwingine hupangiwa nyingine. Watumiaji wakiwa wengi, mzigo hugawanyika vizuri. Kasoro yake ni kwamba mtu mmoja mwenye mzigo mkubwa mno anaweza kuijaza njia moja huku ya pili ikiwa na nafasi.

Itifaki nyingine, EIGRP ya kampuni ya Cisco, huruhusu hata njia zenye gharama tofauti zitumike pamoja, kila moja kwa kadiri yake. Nayo haiko mbali na Dijkstra. Utaratibu wake wa kukubaliana unatokana na kazi ambayo yeye na Carel Scholten, mmoja wa walioiunda ile ARMAC, waliichapisha mwaka 1980.

Kalamu ya wino na gari la safari

Wakati hayo yakitendeka, Dijkstra alikuwa mbali nayo. Mwaka 1973 alipunguza kazi zake za chuo kikuu na kuwa mtafiti wa kampuni ya Burroughs, akifanya kazi nyumbani kwake katika kijiji cha Nuenen, karibu na Eindhoven. Huko aliandika makala kwa mkono wake, kwa kalamu ya wino na mwandiko safi, akazipa namba, akatoa nakala chache na kuwapelekea marafiki kwa posta. Nao walitoa nakala zaidi na kuwapelekea wengine. Makala hizo zilifika zaidi ya 1,300, na nyingi zimehifadhiwa na zinasomeka bure kwenye mtandao.

Mwaka 1984 alihamia Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na alikaa huko hadi alipostaafu mwaka 1999. Wanafunzi walimkumbuka kama mwalimu mkali lakini mwenye subira na mtu anayetafuta jibu la wazi. Hakupenda maneno mengi wala programu zilizojaa mapambo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mtu huyu alikaa miaka mingi bila kuwa na kompyuta yake mwenyewe, na hata alipoipata aliitumia kwa barua pepe na kutazama mtandao. Nyumbani alipiga piano na kumsikiliza Mozart. Yeye na mkewe walikuwa na gari la kulala safarini, na kwa gari hilo walizunguka mbuga za taifa za Marekani.

Hakuwa mtu asiye na lawama. Wenzake wengi walimwona mwenye kiburi na mwepesi wa kudharau kazi za wengine. Aliwahi kuzishambulia vikali lugha za programu zilizotumiwa na maelfu ya watu waliokuwa wakijitafutia riziki kwa uaminifu. Ila hata waliomchukia walikiri kwamba hakusema jambo asiloweza kulitetea.

Mapema mwaka 2002, akiwa anaugua saratani, alirudi Nuenen pamoja na Maria. Mwaka huo huo mkutano wa wataalamu wa mifumo iliyogawanyika uliitunuku ile makala yake ya mwaka 1974, miaka 28 baada ya kuandikwa. Tarehe 6 Agosti alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 72. Tangu mwaka 2003 tuzo hiyo inaitwa kwa jina lake.

Jumapili ya Mei 2024

Thamani ya kazi yake, na mpaka wake, sisi watu wa Afrika Mashariki tuliviona miaka 22 baada ya kifo chake. Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji. Australia siku hiyo ilikuwa Siku ya Akina Mama, na waliotaka kumpigia mama aliyeko nyumbani walikutana na simu inayokatika au isiyoita kabisa.

Miezi mitatu kabla ya hapo, mwezi Februari, nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, na mmoja wao ulikuwa wa Seacom upande wa kaskazini. Hivyo mlango wa kusini ulipofungwa, wa kaskazini nao ulikuwa umebana.

Mitambo haikukosea. Baina ya kampuni na kampuni hutumika itifaki nyingine, BGP, inayotazama zaidi mikataba kuliko ufupi wa njia, lakini kazi ni moja: njia ikifa, ramani huchorwa upya na mzigo huhamishiwa kwenye zilizobaki. Ulihamishwa. Tatizo ni kwamba kwa baadhi ya nchi zilizobaki zilikuwa chache na nyembamba. Nchi iliyokuwa na waya mwingine wa kutegemea, kama Kenya yenye waya wa TEAMS unaotoka Mombasa hadi Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, iliumia lakini ilipumua. Iliyotegemea zaidi nyaya mbili zilizokatika ilikaa gizani kwa muda mrefu zaidi.

Kuna jambo jingine. EASSy na Seacom ni nyaya mbili za wamiliki wawili, na kwenye ramani ya mhandisi ni njia mbili. Zilikatika siku moja kwa sababu katika eneo lile zinalala katika bahari moja, si mbali sana moja na nyingine. Ramani ya gharama haionyeshi hilo. Inaonyesha mistari miwili, haisemi kwamba hatari yake ni moja.

Cabramatta nako ni hivyo hivyo. Reli ya Granville hadi Liverpool ilifunguliwa mwaka 1856, na ile ya kutoka Regents Park hadi Cabramatta mwaka 1924. Tangu hapo, moja ikizibwa na matengenezo au ajali, abiria hupita nyingine. Lakini zote mbili zinakutana Lidcombe. Tatizo likitokea baada ya Lidcombe, kuwa na njia mbili hakumsaidii sana mtu anayekwenda mjini.

Hesabu ya dakika ishirini inachagua vizuri katika njia zilizopo, na wahandisi waliokuja baadaye wameifundisha kugawa mzigo. Haiwezi kujenga njia isiyokuwepo, wala kupanua iliyo nyembamba. Kazi hiyo ni ya serikali na makampuni yanayotandaza nyaya, na swali la kuwauliza kila wanapotangaza waya mpya ni rahisi: unapita wapi, na zile nyingine zinapita wapi?

Dijkstra alifunzwa na mama yake kwamba jibu zuri ni fupi. Swali hilo nalo ni fupi, na majibu yake tutayaona siku waya mwingine utakapokatika.